Viwango vya rejea vya damu na kinga kwa tumbili na nyani wachanga wa maabara: namna ya kuviandaa

Majibu ya tumbili wa miezi minne yametoka maabara. ALP, kimeng'enya cha ini na mifupa, imepita kikomo mara kadhaa, limfosaiti zimezidi nyutrofili (zote ni chembe nyeupe za damu), kreatinini, taka itokayo kwenye misuli, iko chini ya mstari, na globulini, protini za damu zikiwemo kingamwili, vilevile. Ukiyasoma kwa viwango vya tumbili mzima utasema ini lina kasoro, mwili umeingiwa na virusi na kinga imedhoofu. Kumbe mtoto hana neno: anakua. ALP inatoka kwenye mifupa inayojengwa, kreatinini ni ndogo kwa sababu misuli bado ni midogo, na globulini ni chache kwa kuwa mwili ndiyo kwanza unaanza kutengeneza kingamwili zake wenyewe.

Mwongozo huu ni wa daktari wa mifugo, fundi wa maabara au mtafiti anayetunza kundi la tumbili (Chlorocebus pygerythrus) au nyani (Papio anubis) na anataka kujua mtoto mwenye afya katika kundi lake anaonekanaje kwa tarakimu. Kwa Afrika Mashariki hao ndio wanyama wanaofanyiwa kazi zaidi, hasa katika taasisi ya utafiti iliyo msitu wa Oloolua, Karen, Nairobi, ambayo chimbuko lake ni kituo alichokianzisha Louis Leakey kule Tigoni.

Kwa nini viwango vya kuazima vinapotosha

Majedwali mengi yanayosambaa yamejengwa juu ya rhesus, jamaa yao wa Asia. Hata yale yanayotaja tumbili wa Afrika mara nyingi yametoka visiwa vya St. Kitts na Barbados. Wale ni Chlorocebus sabaeus, uzao wa wanyama waliovushwa kutoka Afrika Magharibi enzi za merikebu za watumwa, na wamekaa visiwani bila SIV, kirusi cha jamii ya nyani kilicho ndugu wa VVU. Tumbili wetu ni spishi nyingine, na wazazi wake waliokamatwa porini wakiwa wazima huenda wanacho kirusi hicho, ingawa kwa kawaida hakiwafanyi waugue. Ongeza tofauti ya mwinuko, chakula, minyoo, mashine na dawa ya kulaza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hemoglobini ya huko usiitegemee ifanane na ya Mombasa.

Ukilazimika kuazima, yajaribu kwanza majedwali hayo. Chukua wanyama 20 wenye afya wa umri uleule, uwapime kwa njia yako. Wakitoka nje ya mipaka wawili au pungufu, jedwali linafaa kwa muda. Wakitoka watatu au wanne, pima wengine 20 na uhesabu upya. Wakifika watano, liache. Jaribio hili lifanyike kwa kila kipimo peke yake: jedwali linaweza kufaa kwa sodiamu na kushindwa kabisa kwa limfosaiti.

Nani anaingia kwenye orodha

Vigezo viandikwe kabla ya sindano ya kwanza. Ukisubiri kuona majibu ndipo uamue nani ni mgonjwa, utakuwa unakata nguo kufuata mkasi. Mtoto aachwe nje ikiwa ameharisha ndani ya siku 14, amepungua uzito kwa asilimia 10 au zaidi, amechanjwa ndani ya wiki nne, ametumia antibayotiki au dawa za jamii ya steroidi karibuni, au ana jeraha lolote la kung'atwa, hata lile linaloonekana dogo. Waliolelewa kwa chupa mbali na mama waandikiwe jedwali lao. Mgawanyo wa limfosaiti zao hutofautiana na wa waliokulia kundini, na kuwachanganya hupanua mipaka hadi ikawa haina maana.

Kipimo cha kifua kikuu kinahitaji mpangilio. Tuberkulini huchomwa mililita 0.1 ndani ya ngozi ya kigubiko cha juu cha jicho, kisha husomwa baada ya saa 24, 48 na 72. Ni kichokoo cha kinga, kwa hiyo damu ichukuliwe kwanza, tuberkulini ifuate siku hiyohiyo mnyama akiwa bado amelala. Chanjo ya surua nayo hupunguza mwitikio wa ngozi: mnyama aliyechanjwa juzi anaweza kusomwa hana kifua kikuu naye anacho.

Kwa huku kwetu sehemu inayosahauliwa ni vimelea. Kinyesi kipimwe siku tatu tofauti, si mara moja, kwa sababu mayai hayatoki kila siku. Trichuris, Oesophagostomum na Strongyloides ni wenyeji wa kawaida, na huinua eosinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe. Slaidi ya damu isomwe kwa jicho: Hepatocystis, jamaa ya vimelea vya malaria anayeenezwa na visubi, huonekana kwenye damu ya nyani na tumbili wa porini katika hatua ya gametosaiti (hatua ya uzazi) pekee, na fundi asiyemjua humwandika malaria. Uamuzi ni wako: ama uwatibu, usubiri wiki sita hivi, ndipo upime, ama ukubali kwamba viwango vyako ni vya wanyama wenye minyoo na uandike hivyo juu ya jedwali. Kinachoharibu kazi ni kukaa kimya.

Nje ya damu kuna vibali. Kwa Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha kamati ya maadili na matunzo ya wanyama ya taasisi, na idhini ya Shirika la Wanyamapori ikiwa wanyama wametoka porini. Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Ukitaka kupeleka hata mrija mmoja wa damu nje ya nchi, kumbuka jamii yote ya nyani imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na damu inahesabiwa kama mnyama.

Umri ndio unaotawala

Mwaka mmoja wa tumbili una mambo mengi kuliko mwaka mmoja wa mtoto wa binadamu. Jamaa zao rhesus hukua takriban mara tatu hadi nne ya kasi yetu. Ukiweka kundi moja la "wachanga, miezi 0 hadi 36" utapata mipaka mipana ambayo haitamkamata mgonjwa yeyote. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: siku 0–7, wiki 1–4, miezi 1–3, miezi 3–6, miezi 6–12, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Vipande ni vifupi mwanzoni kwa sababu huko ndiko mabadiliko yanakokimbia.

Mwelekeo wa kutarajia ni kama ifuatavyo. Kwenye siku za kwanza hemoglobini na ukubwa wa chembe nyekundu viko juu, kisha hushuka. Nyutrofili hutawala wakati wa kuzaliwa, halafu limfosaiti huchukua usukani kwa muda mrefu wa utoto, hadi uwiano ugeuke tena kuelekea utu uzima. ALP na fosfeti huwa juu kipindi chote cha kukua. Protini jumla na globulini hupanda polepole. Kreatinini hufuata misuli. Karibu na kuachishwa ziwa angalia madini ya chuma: maziwa yana chuma kidogo, akiba aliyozaliwa nayo inaisha, na upungufu wa damu wenye chembe ndogo zilizopauka hutokea hata kwenye makundi yanayolishwa vizuri. Hapo kuna mtego. Ikiwa watoto wengi wa miezi 4–6 wana upungufu huo, tarakimu zao zitaonekana "za kawaida" kwa sababu tu ni za wengi. Wingi hauufanyi ugonjwa uwe afya. Mwenye chembe nyekundu ndogo na feritini (protini inayotunza chuma) ya chini atolewe.

Tofauti ya jike na dume kabla ya balehe ni ndogo kwa vipimo vingi. Usigawe kwa jinsia ukiwa na wanyama wachache. Utajikatia sampuli bure.

Tarehe ya kuzaliwa iwe imeandikwa. Aliyekamatwa porini akakisiwa umri kwa meno asiingie kwenye vipande vya chini ya mwaka mmoja.

Damu kiasi gani

Chukulia mililita 55 za damu kwa kila kilo ya mwili. Ni makadirio ya chini kwa makusudi. Usivuke asilimia 7.5 ya damu yote kwa wiki, au asilimia 10 kwa wiki mbili. Mtoto wa gramu 700 ana takriban mililita 38.5, asilimia 7.5 ni mililita 2.9. Kwa mtoto wa gramu 400 ni mililita 1.65, na hapo huwezi kufanya kila kitu siku moja. Hesabu inajumuisha damu iliyomwagika kwenye pamba, na damu ya vipimo vya mradi mwingine wa wiki hiyohiyo. Kila kizimba kiwe na daftari moja la damu, si kila mtafiti na lake.

Mpango wa mililita 1.5 unaotosha:

- Mililita 0.5 kwenye mrija mdogo wa K2EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) wenye kifuniko cha zambarau: hesabu ya chembe, slaidi mbili, na mikrolita 100 za vipimo vya kinga.
- Mililita 0.8 hadi 1.0 kwenye mrija mtupu au wenye jeli, kwa ajili ya seramu, maji ya damu iliyoganda: kemia, imunoglobulini (kingamwili za damu), na akiba ya kugandisha.

Mirija mikubwa ya mililita 4 usiitumie. Ukiweka mililita 0.5 ndani yake, EDTA inakuwa nyingi kupita damu, chembe nyekundu zinasinyaa, na hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inayopimwa kwa sentrifuji inashuka ya uongo. Kosa jingine ni kumimina damu kutoka mrija wa zambarau kwenda wa seramu ili "kuongezea". Dalili zake hazifichiki: potasiamu juu ajabu, kalsiamu chini, ALP chini. Mtoto mwenye ALP ya chini kuliko wenzake wote asitafutiwe ugonjwa kabla hujamuuliza aliyejaza mirija.

Kumshika na kumlaza

Asilimia kubwa ya tofauti utakazoziona hutokea kati ya kufungua mlango wa chumba na kufunga mrija. Mnyama akikurupushwa, adrenalini humwaga chembe nyeupe kutoka kuta za mishipa ndani ya dakika chache. Kwa wachanga limfosaiti hupanda pamoja na nyutrofili. Sukari na laktati hupanda. Akiendelea kusumbuliwa, kotisoli inaingia kazini na picha inageuka baada ya saa chache: nyutrofili juu, limfosaiti na eosinofili chini. Akipigana sana, vimeng'enya vya CK, AST na LDH vinapanda kutoka kwenye misuli. Kwa hiyo wanyama wawili wenye afya ileile, mmoja aliyekamatwa wa kwanza na mwingine aliyesikiliza kelele za wenzake saa nzima, watakupa damu mbili.

Cha kufanya: chukua damu kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi kila siku, kwa sababu kotisoli na limfosaiti zina mzunguko wa saa 24. Usishike zaidi ya wanyama wanne hadi sita kwa chumba kimoja kwa siku. Andika saa ya kuingia chumbani, saa ya sindano ya usingizi na saa ya damu, pamoja na nafasi ya mnyama kwenye foleni. Ukiona baadaye kwamba chembe nyeupe zinapanda kufuata foleni, si umri, utajua tatizo liko wapi.

Mtoto anayenyonya hachukuliwi mikononi mwa mama aliye macho. Mama ndiye anayelazwa kwanza, kwenye kizimba cha kubana. Mtoto asifungishwe kula usiku kucha. Sukari yake itaporomoka. Acha anyonye, na uandike kwamba sampuli ni za wasiofunga, hasa kwa trigliseridi na sukari.

Ketamini hutumika sana, miligramu 10 kwa kilo kwenye msuli, na dozi huamuliwa na daktari wa mifugo. Dawa ya miligramu 100 kwa mililita ni kali mno kupimia mtoto: wa gramu 700 anahitaji mililita 0.07, na kosa dogo la mkono ni dozi mara mbili. Izimue kwa maji ya chumvi hadi miligramu 10 kwa mililita, ndipo dozi iwe mililita 0.7, ukiigawa sehemu mbili za msuli. Mlaze juu ya kitu chenye joto la wastani, kwa maana watoto hupoa upesi. Ketamini yenyewe hushusha limfosaiti, chembe nyekundu na hematokriti, na sindano ya msuli hupandisha CK. Hilo si sababu ya kuiacha. Ni sababu ya kutochanganya: jedwali la waliolazwa ni moja, la waliozoezwa kutoa mkono wakiwa macho ni jingine. Damu ichukuliwe dakika 10 hadi 15 baada ya sindano, kwa wote.

Mshipa wa paja ndio unaotegemewa. Sindano ya geji 23 hadi 25, sirinji ya mililita 1 au 2, vuta taratibu. Ukivuta kwa nguvu chembe zinapasuka, na damu iliyopasuka hupandisha potasiamu, AST na LDH. Ondoa sindano kabla ya kujaza mirija. Bonyeza mahali palipochomwa dakika tatu hadi tano kwa saa, si kwa kukisia. Uvimbe wa damu pajani kwa mtoto mdogo ni hasara kubwa.

Glavu, barakoa na kinga ya macho ni lazima. Wenye rhesus au jamaa zake wa Asia wanakabiliana na virusi vya herpes B. Mwaka 1997 mtumishi wa kituo kimoja Marekani alifariki baada ya majimaji ya mnyama kumrukia jichoni. Tumbili na nyani wa Afrika si wenyeji wa asili wa kirusi hicho, lakini wanabeba vingine, na kifua kikuu huvuka pande zote mbili. Jicho au jeraha lisafishwe papo hapo dakika 15.

Mezani

Geuza mrija wa EDTA polepole mara nane hadi kumi mara tu unapojaa. Kuganda kidogo tu kunakula plateleti (chembe za kugandisha damu) zote na kushusha chembe nyeupe. Mashine ya hesabu iwe na programu ya jamii ya nyani au ithibitishwe kwa darubini, na kila mnyama asomewe slaidi: chembe 100 angalau, 200 ni bora. Plateleti zikisomwa chache, angalia ukingo wa slaidi kama zimeshikana mafungu.

Wachanga wa siku za kwanza hutoa chembe nyekundu zenye kiini, na mashine nyingi huzihesabu kama nyeupe. Sahihisha: hesabu ya mashine mara 100, gawanya kwa 100 jumlisha idadi ya zenye kiini ulizozikuta kwa kila nyeupe 100. Mashine ikisema 14.0 nawe umeona 12, jibu ni 14.0 × 100 ÷ 112 = 12.5.

Seramu iachwe igande dakika 30 kwenye joto la chumba, kisha sentrifuji kwa nguvu ya 1,500 g (mara 1,500 ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10, na itenganishwe mara moja. Damu isiyotenganishwa hula sukari yake yenyewe, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Akiba igawanywe vijimirija vya mikrolita 100 kabla ya kugandishwa nyuzi −80. Kuyeyusha na kugandisha tena kunaharibu.

Damu ya vipimo vya kinga haiingii friji. Iache kwenye nyuzi 18–22 na uipime siku ileile.

Vipimo vya kinga

Asilimia peke yake inadanganya. Mtoto anaweza kuwa na asilimia ileile ya CD4 (chembe T saidizi za kinga) kama mzima huku idadi halisi ikiwa maradufu, kwa kuwa limfosaiti zake kwa jumla ni nyingi. Ripoti vyote viwili. Njia nzuri ni shanga zinazohesabika ndani ya mrija wa flosaitometa, mashine inayohesabu chembe moja moja kwa mwanga: gawanya chembe ulizohesabu kwa shanga ulizohesabu, kisha zidisha kwa shanga zilizowekwa ukigawanya kwa mikrolita za damu. Mfano wa hesabu tu: CD4 12,800, shanga 8,000, shanga 50,000 kwenye mikrolita 50 za damu. 12,800 ÷ 8,000 × 50,000 ÷ 50 = chembe 1,600 kwa mikrolita. Hapa pipeti ndiyo mzani. Pima damu kwa kuizamisha ncha kidogo tu na kuifuta nje. Tone lililobaki kwenye ukuta wa ncha ni asilimia kadhaa ya jibu.

Chembe hutambuliwa kwa kingamwili za maabara zinazoshika alama zilizo juu yake, lakini zilizotengenezwa kwa binadamu hazishiki zote. Kwa CD3, alama ya chembe T, tumia klona (toleo la kingamwili) SP34-2. UCHT1 na OKT3 zilizozoeleka hospitalini hazifai kwa rhesus. Kwa CD4 L200 hutumika sana, wakati OKT4 hushindwa kwa baadhi ya rhesus kwa sababu ya tofauti ya urithi, nawe utadhani mnyama hana CD4 kabisa. CD20, alama ya chembe B, ni 2H7. CD45, alama ya chembe nyeupe zote, inahitaji klona ya jamii ya nyani, D058-1283. Chembe asilia za kuua usizitafute kwa CD56 kama ya binadamu. Kwa rhesus alama hiyo hukaa kwenye monosaiti. Tafuta zisizo na CD3 ila zina CD8 na NKG2A. Orodha hii imejengwa zaidi juu ya rhesus, kwa hiyo kila klona ijaribiwe kwanza kwa tumbili au nyani wako mwenyewe, kwa viwango vinne au vitano tofauti vya kingamwili hiyo, kabla ya kuagiza chupa ya pili.

Kutenganisha chembe T changa, zile ambazo hazijakutana na adui, na chembe kumbukumbu, tumia CD28 na CD95 pamoja. Zenye CD28 bila CD95 ndizo changa. Kwa mtoto mchanga hizi ndizo karibu zote. Kadiri anavyokutana na vijidudu ndivyo zenye CD95 zinavyoongezeka. Ndiyo maana watoto wa ndani na wa vizimba vya nje wa umri mmoja huanza kuachana mapema.

Sasa tumbili, maana hapa ndipo wengi hukwama. Kwa spishi za kundi hili, chembe T za CD4 zinapogeuka kumbukumbu hupoteza CD4 na kuvaa CD8, alama ya chembe T za kuua, ya minyororo miwili ya alfa. Matokeo yake tumbili mzima mwenye afya tele ana CD4 chache na uwiano wa CD4 kwa CD8 ulio chini ya moja, kitu ambacho kwa binadamu kingetangazwa ugonjwa. Mtoto wake ana CD4 nyingi, na zitaendelea kushuka mwaka hadi mwaka bila yeye kuumwa. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kushuka kwa CD4 kwa tumbili anayekua si ushahidi wa SIV. Kipimo cha kirusi chenyewe ndicho kinachosema. Pili, ongeza kingamwili dhidi ya CD8 beta kwenye mpangilio wako. CD8 za kweli zina alfa na beta. Zile zilizobadilika zina alfa peke yake, na mara nyingi hung'aa hafifu. Bila CD8 beta utaziweka fungu moja, na kipande cha mwaka wa pili na wa tatu kitakuwa mchanganyiko usioelezeka. Nyani usimpime kwa sheria hii ya tumbili.

Imunoglobulini zina hadithi yake. IgG ya mama hupita kondo la nyuma, hasa mwishoni mwa mimba, hivyo mtoto huzaliwa akiwa na IgG inayofanana na ya mama, hushuka miezi ya mwanzo, kisha hupanda akianza kutengeneza ya kwake. Lile bonde la katikati si upungufu wa kinga. IgM haipiti kondo; ikiwa juu wakati wa kuzaliwa, shuku maambukizi ya tumboni. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto mwenye kingamwili za SIV katika miezi ya mwanzo huenda anaonyesha za mama yake tu. Pima kirusi kwa PCR, na rudia kingamwili baada ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Kutoka tarakimu hadi mipaka

Mnyama mmoja, sampuli moja, kipande kimoja cha umri. Watoto 30 waliopimwa mara sita si wanyama 180, ni 30. Kuwahesabu 180 hufanya mipaka ionekane imara wakati haiko hivyo. Ukiwa na vipimo vya kurudia tumia mbinu zinazojua kwamba vimetoka kwa mnyama mmoja, au uchore mikunjo ya umri kwa mbinu ya LMS kama ile ya kadi za ukuaji wa watoto kliniki.

Wanyama 120 kwa kipande ndiyo idadi inayopendekezwa. Wapange kutoka wa chini hadi wa juu: kikomo cha chini ni nafasi ya 0.025 × (120 + 1), yaani ya tatu; cha juu ni ya 118. Makundi yetu hayafiki huko. Kati ya 40 na 119 njia hiyo bado inafaa, pamoja na pengo la uaminifu la asilimia 90 kwa kila kikomo, yaani eneo ambamo kikomo halisi huenda kipo. Ukiwa na 39, kikomo cha chini ni mnyama wa chini kabisa na cha juu ni wa juu kabisa, kwa hiyo mnyama mmoja wa ajabu anakuamulia kila kitu. Kati ya 20 na 39 tumia mbinu thabiti au ya mkunjo wa kengele baada ya kubadilisha data kwa logi ikihitajika, na uchapishe tarakimu zote za wanyama. Kati ya 10 na 19 andika cha chini, cha juu na cha katikati bila kuviita mipaka. Chini ya 10 usihesabu kitu.

Thamani iliyojitenga isifutwe kwa kuwa inaudhi. Rudi kwenye daftari: damu ilipasuka? foleni ndefu? mrija uliganda? Ukikuta sababu, itoe na uandike. Usipoikuta, na mnyama yumo ndani ya vigezo, ibaki. Pengo la uaminifu likizidi moja ya tano ya upana wa mipaka yenyewe, ongeza wanyama kabla ya kutoa jedwali.

Kulitumia jedwali

Kwa ujenzi wake, kila kipimo kitamtoa nje mnyama mmoja kati ya ishirini walio na afya. Ukipima vitu 20 vinavyojitegemea, uwezekano wa mwenye afya kuonyesha angalau kimoja "kibaya" ni takriban asilimia 64. Kwa hiyo tarakimu moja iliyotoka kidogo haianzishi matibabu.

Kwa mtoto aliyewahi kupimwa, mlinganishe na yeye mwenyewe. Zidisha 2.77 kwa kipeuo cha pili cha jumla ya mraba wa mtawanyiko wa mashine na mraba wa mtawanyiko wa mnyama. Mashine ikiwa na asilimia 3 na mnyama asilimia 10, jibu ni karibu asilimia 29. Badiliko lililo chini ya hapo halijatofautika na kuyumba kwa kawaida. Kwa mchanga toa kwanza badiliko analotarajiwa kulipata kwa umri, la sivyo utamhesabia ukuaji kuwa ugonjwa.

Juu ya kila jedwali andika spishi, asili ya kundi, mwinuko, umri kwa siku, dawa na dozi ya kulaza, saa ya damu, kufunga au kutofunga, mashine, klona, na idadi ya wanyama kwa kila kipande. Ukibadilisha mashine, klona au dawa ya kulaza, rudia lile jaribio la wanyama 20 kabla ya kumsoma mgonjwa wa kwanza.